Jiko Kubwa Kuliko Kitanda

Rukia, mwanangu,

Salamu nilishakupa muda si mrefu, ulipopita hapa sebuleni na mswaki mdomoni ukaniambia, "Mama, kalale." Basi sizirudii. Nilikuitikia kwamba nakwenda kulala, kumbe nikachukua kalamu. Sasa wewe uko upande wa pili wa ukuta unakoroma kama baba yako, na usibishe, nakusikia.

Sitakuandikia habari za soksi. Sitakuambia kula vizuri, funga mlango, piga simu ukifika Ufaransa. Hayo nimeyasema wiki nzima mpaka umeanza kuyatamka wewe kabla sijafungua mdomo. Nataka kujibu swali lako. Uliniuliza Jumapili tukiosha vyombo: "Mama, naweza kwenda na tela?" Nikakujibu, "Tutaona." Nawe unaijua "tutaona" ya mama yako. Ukafuta sahani, ukaipanga kabatini, hukuuliza tena. Tangu siku hiyo nazunguka na hilo swali humu ndani kama mtu aliyepoteza miwani.

Na usidhani nilikuwa nafikiria barabara. Baba yako ndiye wa barabara: milima ya Ufaransa, breki, malori, mvua. Kila akirudi kazini ana hatari mpya. Mimi nilikuwa najifikiria mwenyewe. Subiri, nitafika huko. Unajua siwezi kusema jambo bila kuanzia mbali.

Nianzie siku ile ulipotoka shule umenuna, una miaka kumi na mitano, ukatupa begi mlangoni. Shule zilikaribia kufungwa na wenzako walikuwa wanapanga safari. Huyu anakwenda baharini, yule anakwenda kwenye misitu ya Ardennes kupiga kambi na wazazi wake. Wewe ulijua sisi tunakwenda wapi. Hatuendi popote. Likizo kwetu ni watu kuja: wanafunzi kutoka nyumbani, mke wa fulani wa ubalozini, binamu wa binamu anayepita kwenda London, na mimi jikoni tangu alfajiri. Nilikuwa nasonga ugali uliposema, "Nyinyi hamjui kupumzika. Kila likizo sisi tunapikia watu."

Loo! Nilikujia juu. Nikakuambia kuna watoto wangelia kupata nyumba yenye watu. Nikakuambia mimi nyumbani Tanga nililala kitanda kimoja na dada zangu watatu na hakuna aliyekufa. Nikakuambia na mengine ambayo hata sikumbuki. Ukaenda chumbani kwako kununa, ukakuta mgeni amelala kitandani kwako. Ukatoka. Sebuleni kulikuwa na wageni wengine wanatazama mpira. Mtoto wa watu ukakosa hata pa kununia, ukaenda kununia bafuni.

Baba yako aliporudi kutoka hospitali, miguu inamuuma kwa kusukuma vitanda vya wagonjwa kutwa, nikamshitakia. Akasikiliza, akala, akanawa, akafuta mikono vizuri kabisa, akasema, "Sasa amekosea wapi?" Siku hiyo nilimnyima chai.

Haikupita wiki ukaniletea ile picha uliyoichapisha maktaba. Kijitela kidogo, mbele mviringo, nyuma kimeteremka hadi chini. Ndani kitanda. Ukiinua mlango wa nyuma, kama buti la gari, unakuta jiko. Pembeni mzungu na mkewe wamekaa kwenye viti vya kukunja wanakunywa kahawa, hawana haraka na mtu. Ukasema watu wanakitengeneza wenyewe kwa plaiwudi, na kwa Kifaransa wanakiita tone la maji. Baba yako akaigeuza picha huku na huku, akasema ni yai. Mimi nikasema ni banda la kuku lenye magurudumu. Lakini sikuirudisha. Niliibandika kwenye friji, na kila nikichukua maziwa naitazama. Kilichonivuta ni kile kitanda. Cha watu wawili tu, ukuta huku, ukuta huku, mgeni hana pa kuweka hata unyayo. Nikasema moyoni, haya, tutatengeneza.

Hema lingekuwa rahisi zaidi, najua. Lakini mimi na hema, hapana. Sikutoka Tanga nikavuka dunia nzima nije nilale chini na konokono.

Mahali pa kufanyia kazi alitupatia Papa Kasongo. Hivi unakumbuka tulivyofahamiana naye? Tuligombea fungu la mwisho la matembele sokoni. Yeye Mkongo wa Likasi, Kiswahili chake na changu vinasikilizana lakini havifanani, na ugomvi ukawa mtamu mpaka tukagawana lile fungu. Kumbe ana gereji yake mtaa wa Laeken, hapa hapa Brussels, amejaza mafriji mabovu anayoyatengeneza na kuyasafirisha. Akayasukumia upande mmoja, akatuachia upande wa pili, na zaidi ya hayo akatupatia tela kuukuu ya mizigo, fremu na magurudumu yake, yenye karatasi zake zote, ili sisi tujenge juu yake. Nikamuuliza anataka nini. Akasema, "Maman, ntakula tu siku moya."

Tulidhani ni kazi ya kiangazi kimoja. Ikala mwaka mzima, na mwaka ule, Rukia, nilifurahi kama sijui nani. Nilikuwa natoka kazini kwenye jiko la shule, natoa aproni moja navaa nyingine. Mimi niliyekuwa naruka nikisikia drili, nikawa naitia mkononi kama mwiko. Nikajua msasa wa kukwaruza na msasa wa kulainisha. Nikajua gundi inayokungoja na gundi isiyongoja mtu. Nywele zangu zilijaa unga wa mbao, nikienda nao kazini, wenzangu wanauliza nimepika nini.

Na tuliharibu, jamani, tuliharibu! Ubavu wa kwanza ulikata wewe kwa kufuata mchoro, ukatoka mzuri. Wa pili nikasema niachie, nikaukata kwa macho, kama ninavyokata gauni. Tukazisimamisha mbavu zote mbili, upande mmoja una mimba, upande wa pili hauna. Nikasema tutavuta kidogo. Ukanitazama ukasema, "Mama, mbao hazivutiki." Ikabidi tuzifunge pamoja na kuzipunguza zote mbili mpaka zikalingana. Tukapoteza kipande kizuri cha mbele. Halafu taa! Nilizifunga mimi, nikajisifu siku nzima. Baba yako akaja kujaribu, akawasha indiketa ya kushoto, ikawaka ya kulia. Nikiwa nyuma nampigia kelele, "Kulia! Ah, umeambiwa kushoto!" naye anajibu, "Ni kushoto hii!" mpaka majirani wa Laeken wakafungua madirisha.

Sasa nije kwenye kosa lenyewe, lile kubwa.

Mchoro ulikuwa wako. Ulilala chini sebuleni ukanifanya nikupime na futi, kisha ukanilaza mimi ukanipima. Ukachora mstari mahali pa ukuta wa ndani, ule unaotenga kitanda na jiko. Ulichora kwa kalamu ya risasi, ukaupitia tena kwa wino. Siku ile ya kuufunga ule ukuta wewe ulikuwa na mtihani. Ungeweza kuniambia nikungoje, na uliniambia. Lakini mimi nilikuwa na mapumziko, jua limetoka, na nikikaa bure huwa naumwa. Nikapanda tramu kwenda Laeken na futi yangu na sufuria.

Lile sufuria letu la shughuli, la alumini. Nililokuja nalo kutoka nyumbani nimelijaza nguo ili lisionekane mzigo. Limepika harusi ngapi, limepika futari ngapi hapa Brussels, hata mimi sijui. Nikaliingiza kwenye nafasi ya jiko uliyoichora. Halikuenea. Masikio yake yaligonga mstari wako.

Mtu mwenye akili angesema, nitachukua sufuria dogo. Mimi nikasema, nitasogeza ukuta.

Nikausogeza. Kisha nikaona gunia la mchele halina pa kukaa, nikausogeza tena. Kisha birika, nalo lina haki yake. Nikapaka gundi ile isiyongoja, nikakaza skrubu moja baada ya nyingine, naimba. Nikampigia baba yako simu kazini kumwambia jiko limekubali. Haki ya Mungu, haikuniingia akilini kwamba mtu anaweza kusafiri akapika chakula cha watu wawili. Watu wawili! Na akipita mtu? Utakula huku anakutazama? Chakula kitapita wapi kooni? Hivyo ndivyo nilivyolelewa, kwamba ukibandika sufuria unabandika na la yule usiyemjua, na hata siku moja sikuwahi kujiuliza kuna nani anayepungukiwa nafasi kwa ajili yake.

Ukaja jioni na furaha yako ya mtihani uliokwisha. Ukapanda, ukajilaza. Magoti yakakufika kidevuni. Ukalala ubavu, haikufaa. Ukalala mshazari, haikufaa. Ukatoka, ukazunguka nyuma, ukainua mlango, ukaliona sufuria limekaa mle kama mwenye nyumba. Ukaniuliza taratibu kabisa, na ile taratibu yako ndiyo mbaya, "Mama, anayelala humu ni nani? Mimi au sufuria?"

Nikaanza, "Lakini wageni..."

"Wageni gani? Tunakwenda msituni!"

Ukavaa koti ukaondoka peke yako. Nami nikabaki na bisibisi mkononi.

Papa Kasongo akaingia na friji yake kwenye kigari. Akasimama akatazama lile jiko. "Maman Rukia, munajenga restaurant?" Nikamwambia ni jiko tu la safari. Akazunguka mbele, akachungulia kitandani, akarudi. "Bon. Jiko iko muzuri. Lakini bantu batalala wapi? Mutoto iko mulefu, ile miguu ataweka kwa nani?" Nilitaka kucheka, sikuweza.

Alipokwenda zake nikapanda mwenyewe, nikafunga mlango, nikalala. Mimi mfupi, unanijua, na hata mimi sikuweza kunyoosha miguu. Nikabaki mle nimejikunja. Ndipo nikakukumbuka bafuni. Nikaona kumbe si tela tu. Nyumba nzima nimeipima kwa watu watakaokuja, na wewe uliyekuwemo tayari nikakukunja ili waenee. Nawe ulijikunja, miaka na miaka, vizuri tu, mpaka nikadhani ndiyo kimo chako. Iliniuma, Rukia. Nililia mle ndani, na sikuwahi kukuambia.

Siku kadhaa ulikuwa unanijibu "ndiyo" na "hapana" tu. Nilijaribu kuung'oa ule ukuta kimyakimya. Gundi imeshika, ningeendelea ningeng'oa na sakafu. Nikaufikiria mwaka wetu wote umekwisha kwa sababu ya sufuria, nikakosa hata hamu ya kula, na baba yako akaanza kuogopa.

Jumamosi ukaja Laeken bila kuniambia, penseli sikioni. Ukavua viatu, ukajilaza, ukaweka nyayo zako ukutani. Ukasema, "Chora." Neno la kwanza refu uliloniambia wiki ile, na halikuwa refu. Nikachora miguu yako kwenye ubao, kidole kwa kidole, wewe unajizuia kucheka kwa sababu nakutekenya. Kisha ukachukua msumeno wa umeme ukakata dirisha pale chini, dirisha la miguu. Nyuma yake, chini ya jiko, ukajenga kisanduku ili miguu ipite isiguse mitungi ya gesi wala mchele, na sufuria likae juu yake kwenye rafu. Mimi nilishika tochi nikanyamaza, na unajua kunyamaza kwangu ni kazi ngumu kuliko kupiga randa. Hukuniuliza ushauri hata mara moja. Mara mbili nilifungua mdomo, mara mbili nikaufunga.

Ulipomaliza tukalala wote wawili, tukapitisha miguu. Ikanyooka! Ukainua kidole gumba ukagonga rafu chini ya sufuria, ko ko ko. "Hodi." Nami kutoka huku juu, "Karibu, karibu ndani, umekula?" Tulicheka mpaka tela ikatikisika, Papa Kasongo akaja mbio akidhani imeanguka. Tukamwonyesha miguu yetu. Akasema, "Eeeh! Sasa njo iko nyumba."

Siku ile ndipo nilipokuona. Sijui nisemeje. Nilikuwa na mtoto anayefanya kazi za nyumbani vizuri na kupata alama nzuri, na ghafla mbele yangu kuna mtu aliyechukua kosa langu lililogandishwa kwa gundi, asilivunje, asinitukane, akakata pale panapotakiwa tu. Ningekuwa mimi ningechukua nyundo.

Halafu Ardennes. Mwanangu we! Mvua ile! Tuliingia kambini tumelowa kabla hatujashuka. Baba yako kavaa koti lake la kazini, akajitolea kulala ndani ya gari, viti vimelazwa, na kofia usoni. Nilikuwa nimekuahidi: safari hii ni yetu watatu, napika kidogo, tunapumzika. Na nilikusudia hivyo. Nilipiga hesabu ya mchele wa watu watatu. Lakini mkono wangu, Rukia, mkono wangu hauijui hiyo hesabu. Kuku, vitunguu, iliki, mdalasini, nikafunika, na ule moshi ukatambaa chini ya miti mpaka kwenye matela ya watu. Kila mtu pale alikuwa amekaa kwake amegeuzia wenzake mgongo, wanakula mikate baridi chini ya turubai. Mzee mmoja wa Kiholanzi na mkewe wakaja kuuliza njia ya bafu. Bafu liko mbele yao wanaliona.

Nikakutazama. Nikafumba mdomo, nakuapia, nilijizuia. Wewe ndiye uliyesema, kwa Kiholanzi chako cha shule, kaeni, kaeni. Wewe! Ukawatandikia turubai. Wakaja na watoto wa tela ya pili, akaja bwana na mbwa wake, sahani zikaisha wakalia chakula kwenye vifuniko na vikombe. Ukapita na mwiko unagawa, huku mvua inakudondoka kwenye nywele, unacheka. Nikaona kumbe hukuwahi kuchukia watu. Ulichotaka ni kuulizwa.

Usiku ule palikuwa na baridi ya kukata masikio. Ukachemsha maji, ukayatia kwenye sufuria, ukalifunika na blanketi, ukalirudisha pale juu ya kisanduku. Tukapitisha miguu. Joto lake likatushukia mpaka magotini, na baba yako anakoroma huko kwenye gari, maskini, na miguu yake ya barafu.

Na gizani ukaniambia, "Mama, sitaki kuendelea na masomo yale. Nataka kujifunza useremala."

Sasa nisikilize. Ungelisema hilo nyumbani, ungelisema jikoni, ningegeuka na mwiko mkononi ungeuona uso wangu. Nilikuwa nimeshawatangazia watu wote kuanzia Jette mpaka Tanga kwamba mwanangu atakuwa mfamasia. Uso wangu ungejibu kabla yangu, nawe ungesema "basi, hamna kitu." Ni mara ngapi ulisema "basi, hamna kitu"? Lakini mle ndani tulikuwa tumelala tumetazama dari, bega kwa bega, mvua inapiga plaiwudi, na hakuna pa kugeukia. Hukuuona uso wangu. Uso ulikuwa mbaya, nakiri. Ukapata muda wa kupoa. Nikauliza, "Kwa nini?" Kisha nikafanya jambo ambalo sijawahi kulifanya tangu nizaliwe, nikangoja jibu.

Ukaongea mpaka sauti ikakukauka. Habari za mbao zinavyonuka zikikatwa, habari za lile dirisha la miguu, jinsi ulivyoliona kichwani kabla hujalikata. Nilikuwa sijawahi kukusikia ukiongea hivyo. Asubuhi nilikuwa na mtoto mwingine, yule yule.

Tangu hapo kila kiangazi mle ndani uliniambia kitu. Ule mwaka uliogombana na mwalimu wako. Yule kijana wa Etterbeek, uliniambia jina lake halafu ukajifunika blanketi kichwani. Hofu yako kwamba hutaweza Kiswahili cha kuwafundisha watoto wako, nami nikakuambia mbona unaniambia kwa Kiswahili. Nyumbani tunapendana, ndiyo, lakini nyumbani mimi nina shughuli nyingi na wewe una simu. Mle ndani ndimo tulimozungumza.

Basi ndiyo sababu nilisema "tutaona."

Niliogopa. Nilijiuliza, ikienda hiyo tela, huyu atanisemesha wapi? Kwenye simu utaniambia "niko sawa, Mama," na mimi nitakuambia "sawa mwanangu," na tutakata. Halafu nikapata ujanja. Nikasema, tela ibaki Laeken. Kiangazi atarudi. Asiporudi kwa ajili yangu, atarudi kwa ajili yake, ameijenga kwa mikono yake, hawezi kuiacha. Nilitaka kuishika rehani, Rukia. Mama mtu mzima. Haya, nimesema, cheka.

Baba yako alinigundua. Juzi nilikuwa namweleza habari za milima na breki, maneno yake mwenyewe nimeyaazima, akaweka kikombe chini. "Mama Rukia," akasema, "unataka aje kwa kukukumbuka au aje kufuata mbao?" Siku hiyo chai alipata, lakini bila sukari.

Kwa hiyo jibu langu ni ndiyo. Nenda nayo.

Leo mchana, ulipokwenda kuaga wenzako, sisi tulikuwa Laeken. Tumeiosha, nimeipaka vanishi mlango ulipokwaruzika. Papa Kasongo ametia upepo matairi na kufunga kibao chenye namba ya gari lako. Taa amezijaribu yeye, sikuruhusiwa kusogea. Aliniona nimeshika ule mlango muda mrefu, akasema, "Maman, usilie. France haiko mbali, iko tu hapa." Nikamwambia silii, ni harufu ya vanishi. Kesho uipitie huko gereji kabla ya kuingia barabara kuu. Kule Ufaransa, kwenye karakana uliyopata kazi, watakuonyesha pa kuiegesha, na utalala kwako mwenyewe mpaka upate chumba, hutalala kwenye kochi la mtu.

Na kuna jambo moja, sikiliza vizuri. Ule ukuta, ukitaka kuusogeza, usogeze. Ukitaka kubomoa jiko zima uweke kitanda tu, bomoa. Usinipigie kuniuliza, wala usiache kwa kunionea huruma. Upande wangu wa kitanda nao si wangu tena. Atakayelala pale ni shauri lako. Mimi sitaki kujua mapema mno, ila pia sitaki kuwa wa mwisho. Kama utakuta watu wanapita na chakula kiko tele, walishe. Kama siku hiyo umechoka, funga mlango ulale. Mimi hilo la pili sikuwahi kulijua, nimejifunza kwako, na sasa Jumamosi zangu huwa nafunga mlango na baba yako anashangaa.

Nakuonea fahari mpaka najisikia aibu. Nawaambia watu mpaka wananikwepa. Mwanangu ni seremala, nawaambia, na si seremala wa kubahatisha.

Nikikukumbuka nitakuja mimi. Treni zipo. Sitasubiri kiangazi wala kisingizio, nitakuja na kukaa pembeni ya karakana yenu mpaka umalize kazi, na ukitaka kunisemesha utanisemesha, na usipotaka nitanyamaza. Nimeshafanya mazoezi.

Kesho nitasimama pale Laeken nje ya gereji na baba yako. Yeye atakuelekeza kurudi nyuma kwa mikono yote miwili, nawe hutamsikiliza, mtagombana kidogo, vizuri tu. Nimejiahidi kwamba silii, na unazijua ahadi zangu za namna hiyo. Basi ukifika mwisho wa barabara, ukatazama kioo ukaniona nalia, usisimame, mwanangu. Endesha tu.

Ukisimama, nitapanda.

Mama